Kompyuta ya sebuleni isiyotaka kulala: shajara ya Ramadhani

Alhamisi, 14 Machi 2024

Saa tisa na nusu usiku nimeamka kula daku, nikakuta mwanga wa buluu umetanda sebuleni. Kompyuta ya mezani iko macho, feni inazunguka, skrini inasubiri nenosiri. Jana baada ya tarawehe, kama saa nne na nusu, niliilaza kwa mkono wangu na nikasimama hapo mpaka taa yake ikaanza kupepesa. Hii ni mara ya tatu, na leo ni chungu cha tatu tu.

Lakini lililonifanya nifungue daftari hili ni jingine. Jumatatu jioni dada yangu, mwalimu wa hisabati sekondari, alikuwa anatunga mtihani wa nusu muhula wa kidato cha pili. Amefika swali la 14. Akaingia jikoni, kompyuta ikalala yenyewe kama ilivyopangiwa, umeme ukakatika, ukarudi baada ya dakika kumi hivi. Alipobonyeza kitufe, kompyuta ikaanza upya kabisa. Programu ya Word ilimrudishia mpaka swali la 8. Yaliyobaki yalikwenda, pamoja na michoro ya pembetatu aliyoihangaikia mchana kutwa. Hakulalamika. Alivuta daftari na rula, akaanza kuyaandika upya kwa kalamu. Nimeona bora angenigombeza.

Vifaa tulivyo navyo: kompyuta ya mtumba, RAM GB 8, diski ya SSD ya GB 240, Windows 10, na sehemu ndogo ya diski niliyoweka Linux Mint, mfumo mwingine wa uendeshaji, kwa ajili ya kujifunza. UPS, kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika, hatuna. Nyumba ipo Tanga mjini, masika ndiyo yanaanza, umeme unakatika na kurudi bila taarifa.

Mtaani watu husema "silipu" na "haibaneti". Hapa nitasema kulala na haibaneti, maana tofauti ya hayo mawili ndiyo kazi yote iliyo mbele yangu.

Ijumaa, 15 Machi

Nilidhani ugonjwa ni mmoja: kompyuta mbovu. Leo nimekubali kuwa ni mawili, na kila moja lina dawa yake. La kwanza, inaamka bila kuamshwa. La pili, ikiwa imelala na umeme ukakatika, inasahau kila kitu. Nimeanza na la pili kwa sababu ndilo lililomuumiza mtu.

Nimefungua kidirisha cha amri kwa mamlaka ya msimamizi, nikaandika:

powercfg /a

Amri hii inaorodhesha aina za usingizi ambazo mashine inaziweza, na chini yake zile isizoziweza pamoja na sababu. Herufi S na namba utakazoziona hapo zinatoka kwenye ACPI, mwongozo uliotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba ili vifaa na mfumo wa uendeshaji vielewane kuhusu umeme. S0 ni macho kabisa. S3 ni kulala: karibu kila kitu kinazimwa isipokuwa RAM, ambayo huendelea kulishwa umeme kidogo ili isisahau. S4 ni haibaneti: yaliyomo kwenye RAM yanaandikwa kwenye diski, kisha mashine inazima kweli. S5 ni kuzimwa kwa kawaida.

Kwa hiyo kilichompata dada hakikuwa muujiza. RAM ni kama maandishi ya chaki kwenye ubao unaojifuta pale umeme unapokatika. Kompyuta ilikuwa S3, umeme ukaenda, ubao ukafutika.

Jibu la mashine yetu lilikuwa hili: S3 ipo. Haibaneti haipo, kwa sababu haijawezeshwa. Usingizi mseto haupo, kwa sababu haibaneti haipo. Uwashaji wa haraka haupo, kwa sababu ileile.

Hapo kwenye usingizi mseto nilikaa kimya dakika nzima. Usingizi mseto ni kulala kwa tahadhari: mashine inalala kama S3, lakini kabla ya kulala inaandika nakala ya RAM kwenye diski. Umeme usipokatika, inaamka haraka kutoka kwenye RAM. Ukikatika, inaamka polepole kutoka kwenye diski, na kazi yako ipo. Kwenye kompyuta za mezani za Windows 10 jambo hili huwa limewashwa tangu mwanzo. Maana yake ni kwamba mashine ilitoka na kinga ya kumlinda dada, na kuna mtu aliyeiondoa.

Mtu huyo ni mimi. Mwaka juzi, kabla ya kununua diski hii, tulikuwa na ndogo ya GB 120 iliyokuwa imejaa mpaka shingoni. Nikaambiwa kuna faili kubwa limejificha kwenye mzizi wa C, linaitwa hiberfil.sys, na kwamba nikiandika powercfg /h off litaondoka na nafasi itarudi. Likaondoka kweli. Baadaye nilihamishia Windows ileile kwenye diski mpya, na ule uamuzi ukahamia nao. Kwa muda wote huo sikujua nilichokifuta kilikuwa na kazi gani. Nimemwambia dada baada ya futari. Alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Sasa unaweza kuirudisha?"

powercfg /hibernate on

Haikusema lolote, ilirudi tu kwenye mstari mpya. Nikaandika tena powercfg /a. Haibaneti ipo. Usingizi mseto upo. Kwenye C, nilipoonyesha mafaili yaliyofichwa, hiberfil.sys limerudi, GB 3.2. Hesabu inakubali: ukubwa wake wa kawaida ni asilimia 40 ya RAM, na RAM yetu ni GB 8. Inatosha kwa sababu yanayoandikwa hubanwa kwanza. Ukikuta la kwako ni nusu ya hapo, yaani asilimia 20, ujue limewekwa ile aina iliyopunguzwa, ambayo hufaa uwashaji wa haraka peke yake. Andika powercfg /h /type full ndipo haibaneti ipatikane.

Kitufe cha haibaneti bado hakikuonekana kwenye menyu ya kuzima. Kinafichwa. Nimekipata kwenye Paneli Dhibiti, sehemu ya umeme, pale panapochaguliwa vitufe vya kuzimia vifanye nini. Kuna kisanduku cha kuweka tiki, na lazima kwanza ubonyeze maandishi ya juu yanayofungua vile visanduku vilivyopauka.

Jumapili, 17 Machi

Siku ya kuchomoa waya.

Sikutaka kuamini maandishi ya skrini. Nimefungua Word, nikaandika ukurasa mmoja bila kuuhifadhi, nikafungua kikokotoo na kuacha hesabu katikati. Nikailaza. Nikasubiri taa ianze kupepesa na ile ya diski itulie. Nikachomoa waya ukutani, nikaenda kuteka maji, nikarudi.

Dada alikuwa amesimama mlangoni na mwanawe. Nikachomeka, nikabonyeza kitufe. Maandishi yakatokea kwamba Windows inarejea, nukta zikazunguka kwa muda, kisha ukurasa wangu ule, na kikokotoo kikiwa na namba ileile.

"Mjomba, si ulichomoa?" mtoto akauliza.

"Nilichomoa."

"Sasa imekumbukaje?"

Nimemweleza kwamba safari hii, kabla ya kulala, iliandika kila kitu kwenye daftari lake. Dada akacheka, mara ya kwanza tangu Jumatatu.

Nimerudia jaribio mara ya pili kwa namna mbaya zaidi: nikailaza na kuchomoa papo hapo, skrini imezima tu lakini taa ya diski bado inawaka. Ikaanza upya. Kazi imepotea. Kumbe kuna dirisha la hatari. Kwetu ni kama sekunde 15, muda inaoutumia kuandika. Usingizi mseto haukukingi ndani ya sekunde hizo, na wala haukukingi umeme ukikatika huku unachapa. Hilo nimeliandika kwa wino mwekundu, nitalirudia.

Kwenye kitazamaji cha matukio, pale Windows inapoandika kila linaloipata, nimetafuta ile Jumatatu ya dada. Ipo: namba 42 kutoka Kernel-Power, saa 11:52 jioni, mashine inaingia usingizini. Halafu namba 41, ambayo maana yake mashine imewaka bila kuwa imezimwa vizuri. Mistari miwili tu.

Jumatatu, 18 Machi

Sasa ugonjwa wa kuamka. Usiku huu nilipokuta iko macho sikuigusa mausi wala kuizima kwa hasira. Nilikaa, nikaandika:

powercfg /lastwake

Inasema nani aliyeiamsha mara ya mwisho. Jibu: kadi ya mtandao.

Nimetumia asubuhi nzima kuielewa. Kadi ya mtandao, hata mashine ikiwa imelala, hubaki na umeme kidogo ikisikiliza waya unaotoka kwenye rauta. Imeumbwa hivyo ili mtu aweze kuiamsha kompyuta akiwa mbali, kwa kuipelekea pakiti ya pekee, yaani furushi dogo la data: baiti sita za FF, kisha anwani ya kadi yenyewe imerudiwa mara 16, jumla baiti 102. Hakuna simu itakayotuma kitu kama hicho kwa bahati mbaya. Tatizo ni kwamba kadi yetu ilikuwa imeruhusiwa kuamka kwa pakiti nyingine pia, zile zenye mfanano fulani, mfano kifaa cha nyumbani kikiita kompyuta kwa jina au kutafuta folda iliyoshirikishwa. Nyumba yetu ina simu tano. Wakati wa daku zote zinawaka kwa pamoja.

Dawa: Kidhibiti cha Vifaa, kadi ya mtandao, sifa zake, ukurasa wa umeme. Kuna visanduku vitatu. Cha mwisho ndicho kinachosema iamke kwa ile pakiti ya pekee tu. Nimekiwekea tiki. Ningeweza kuizuia kabisa kuamsha, ila huwa naiita kompyuta kutoka chumbani kwa simu nikitaka faili, sioni sababu ya kujinyima.

Jumanne, 19 Machi

Imeamka tena.

Lakini si kwa namna ileile, na hilo ni jambo jema. Safari hii tukio namba 1 la Power-Troubleshooter linasema saa nane kamili usiku, na chanzo ni kipima-muda. Saa nane kamili. Kitu kinachotokea saa kamili kimepangwa na mtu au na programu.

Nikiwa hapo nimeuliza pia ni vifaa gani vina ruhusa ya kuamsha:

powercfg /devicequery wake_armed

Vitatu: kadi ya mtandao, kibodi, mausi. Mausi sikuitaka. Meza yetu ni nyepesi na mtoto akipita mbio inatikisika. Mausi ya taa huona mtikisiko huo kama mkono. Nimeiondoa kwa powercfg /devicedisablewake, nikifuata jina lake kama lilivyoandikwa kwenye orodha, ndani ya alama za kunukuu, pamoja na namba ya mabano iliyo mwishoni kama ipo. Ukikosea herufi moja inakataa. Kibodi nimeiacha, lazima kuwe na mlango mmoja wa kubisha hodi.

Jumatano, 20 Machi

Mpangaji wa saa nane nimempata. Windows ina matengenezo yake ya kila siku, kukagua diski, masasisho, usalama, na saa yake ya kawaida ni saa nane usiku. Ina ruhusa ya kuiamsha kompyuta kwa ajili hiyo. Ruhusa hiyo ipo Paneli Dhibiti, sehemu ya usalama na matengenezo, kisanduku kimoja. Nimeondoa tiki. Kisha kwenye mpango wa umeme, mipangilio ya ndani, chini ya kulala, kuna vipima-muda vya kuamsha. Vina hali tatu: viruhusiwe, vizuiwe, au viruhusiwe vile muhimu tu. Nimeweka vizuiwe. Matengenezo hayatapotea; yatafanyika mchana kompyuta ikiwa imeachwa bila mtu.

Lakini kuna kitu hakikuniingia akilini. Ikiamshwa na kipima-muda na hakuna mtu aliyegusa kitu, Windows hutakiwa kuilaza tena baada ya muda mfupi, kwa kawaida dakika mbili matengenezo yakiisha. Mimi naikuta macho saa tisa na nusu. Kuna kitu kinaishika mkono isilale.

powercfg /requests

Chini ya mfumo: sauti inatumika. Kivinjari.

Nikamwendea mama. "Mama, shikamoo. Jana usiku ulikuwa unasikiliza nini kwenye kompyuta?"

"Marahaba. Darsa la tafsiri. Lile refu la saa nne. Nilipochoka nikazima spika nikaenda kulala, nawe ukaja ukaizima."

Ndiyo yenyewe. Spika zilizimwa kwa kitufe chake, darsa likawa linaendelea bila kusikika. Mimi nikailaza kompyuta darsa likiwa katikati. Saa nane inaamshwa, kivinjari kinaendelea pale kilipoishia, Windows inaona kuna mtu anasikiliza, inamstahi, haimlazii kompyuta. Mpaka daku.

Ipo amri ya kuiambia Windows impuuze mwombaji fulani, powercfg /requestsoverride. Nimeikataa. Siku mama anasikiliza darsa kweli, ameketi na tasbihi yake bila kugusa kibodi, kompyuta ingemlalia katikati ya sentensi. Ombi lile ni halali, kosa lilikuwa kwa aliyeiamsha. Nimemwonyesha mama tu kitufe cha kusimamisha video, ile nafasi ndefu ya kibodi. Amesema angejua tangu zamani angeitumia, maana alikuwa anapoteza mahali alipofika.

Jumamosi, 23 Machi

Usiku tatu mfululizo, kimya. Nimeamka daku mara tatu na sebule ni giza. Matukio yanaonyesha 42 saa nne usiku na namba 1 asubuhi, chanzo kibodi. Sikujua giza la sebuleni linaweza kumfurahisha mtu kiasi hiki.

Leo nimefungua Linux kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi hii, na imenigomea. Sehemu ya Windows inasomeka lakini haiandikiki. Inasema Windows imo kwenye haibaneti. Haikuwa. Niliizima kwa kitufe cha kuzima.

Hapa nimejifunza kwamba nilipoirudisha haibaneti ile Ijumaa, nilirudisha na kitu cha pili bila kukusudia: uwashaji wa haraka. Upo tangu Windows 8, mwaka 2012. Ukibonyeza zima, Windows inafunga programu zako, lakini moyo wa mfumo wenyewe inauweka haibaneti ndani ya hiberfil.sys ili kesho iwake upesi. Kwa maana hiyo diski inaachwa katika hali ya katikati, na mfumo mwingine ukiandika juu yake unaweza kuiharibu. Linux ilikuwa inanilinda. Ningeilazimisha, kama baadhi ya watu wanavyoshauri, ningehatarisha mafaili ya dada.

Nimeondoa tiki ya uwashaji wa haraka kwenye ukurasa uleule wa vitufe vya kuzimia. Haibaneti imebaki. Kwa diski ya SSD tofauti ya muda wa kuwaka ni sekunde chache, siitamani. Na sheria ya nyumba: Windows ikiwa haibaneti, hakuna kugusa sehemu yake kutoka Linux. Nimeibandika kwenye kasha kwa selotepu.

Nimeingia pia BIOS, mipangilio ya mashine yenyewe inayotangulia Windows, na kuangalia mashine ifanye nini umeme unaporudi. Nimeweka ibaki imezimwa. Umeme wetu ukirudi mara nyingi hukatika tena ndani ya dakika, na sitaki diski ianze kusoma halafu ikatwe.

Jumapili, 24 Machi

Binamu ameleta kompyuta mpakato yake, inachemka ndani ya begi na betri inaisha njiani hali ameifunika. powercfg /a imeonyesha S0 ya matumizi madogo, na S3 haipo kabisa. Mpakato nyingi za miaka ya karibuni ni hivyo: zikifunikwa hubaki nusu macho kama simu, na mtandao juu. Tumeweka kifuniko kikifungwa iingie haibaneti. Inachelewa kidogo kuamka, amesema hajali.

Jumamosi, 30 Machi

Narudi kwenye wino mwekundu. Kulala tumekutibu. Umeme kukatika mtu akiwa anachapa, bado. Hapo hakuna mpangilio wa Windows unaosaidia; panahitajika kitu cha kuushika umeme kwa dakika chache.

Tumechanga, mimi na dada, tumenunua UPS iliyotumika, VA 650. Nimeifungua: betri moja ya asidi, volti 12, saa-ampea 7. Fundi aliyetuuzia alisema itakaa nusu saa. Nimechomoa ukutani na kuhesabu: dakika 11, kompyuta na skrini zikiwa zimewaka. Sikusikitika. Haibaneti yetu inachukua sekunde 20 hivi, kwa hiyo dakika 11 ni nyingi mno.

Kilicho muhimu ni waya wa USB unaotoka UPS kwenda kompyuta. Wengi huuacha ndani ya boksi. Ukiuchomeka, Windows inaiona UPS kama betri ya mpakato: alama inatokea pembeni, na kwenye mpango wa umeme mlango mpya unafunguka, wa betri. Hapo unachagua betri ikishuka hadi kiwango cha hatari ifanye nini. Nimeweka haibaneti. Kiwango nimeweka asilimia 50. Ni juu sana kuliko kawaida, lakini betri ya zamani ya asidi hudanganya: inasema 40, kisha inaporomoka mara moja.

Jaribio la kwanza limefanikiwa. La pili, ilipoamka kutoka haibaneti, skrini ilibaki nyeusi huku feni inazunguka. Nimezima kwa kushikilia kitufe. Nimerudia, tena nyeusi. Tatizo lilikuwa draiva ya picha, yaani programu inayoendesha kifaa cha picha, ile ya jumla iliyowekwa na Windows yenyewe. Nimepakua inayohusu kompyuta yetu kwa modeli yake, nikaiweka. Tangu hapo nimeitia haibaneti na kuiamsha mara kumi, nikizihesabu kwenye daftari. Kumi kwa kumi.

Jumatano, 3 Aprili

Ngurumo jana usiku. Siku hizi radi ikianza tunaitia haibaneti na kuchomoa kila kitu ukutani, pamoja na UPS, na tunalala kwa amani kwa sababu hakuna kinachotegemea umeme. Asubuhi imeamka, kazi ipo, lakini saa yake inasema ni Januari mwaka 2015, na kivinjari kinakataa kufungua kurasa, kinadai vyeti vya usalama vya tovuti bado havijaanza kutumika.

Ni betri ndogo ya ubao mama, ile ya sarafu, CR2032, volti 3. Ndiyo inayotunza saa mashine ikiwa haina umeme wa ukutani. Zamani tulikuwa hatuchomoi kamwe, hivyo udhaifu wake haukuonekana. Nimeipima: volti 2.4. Nimenunua mpya dukani kwa muuza saa.

Jumatatu, 8 Aprili

Saa mbili na dakika arobaini usiku. Dada anatunga mazoezi ya kidato cha pili, mimi nipo barazani. Umeme ukaenda mtaa mzima. UPS ikaanza kulia.

Nikasimama mlangoni bila kusema kitu. Alihifadhi faili, akamalizia sentensi yake kwa mwanga wa skrini, kisha akaegemea kiti na kuitazama. Baada ya dakika nne hivi skrini ikazima, taa ya diski ikahangaika, ikatulia. Nyumba ikawa giza. Akawasha tochi ya simu, akaenda kumlaza mtoto.

Umeme ulirudi saa tatu na nusu. Tukasubiri dakika tano kuona kama umerudi kweli. Akabonyeza kitufe mwenyewe. Saa ilikuwa sahihi, tarehe sahihi, kielekezi kinapepesa mwisho wa swali la 11 pale alipokiacha, na pembetatu zake zote zipo. Akavuta kiti, akaandika 12.